Kinjeketile Tuliyemcheza

Shuleni kwetu, miaka ya 1980, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, juu ya Vita vya Majimaji, ilikuwa tamthilia ya umoja, basi. Jibu la mtihani lilijulikana: makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya yanapewa na Kinjeketile maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, yanaungana, yanamkabili Mjerumani, na taifa linazaliwa. Hussein aliitoa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo usomaji huo haukuhitaji kutetewa.

Tulipoiigiza bwaloni nilikuwa mmoja wa wapiganaji. Askari wa Mjerumani walivaa sare za skauti. Maji ya dawa yalitoka kwenye ndoo ya plastiki ya bweni, nasi tukanyunyiziana mpaka walimu wa mstari wa mbele wakalowa. Baadhi ya wahusika wanaitwa kwa makabila yao tu, na wanapotambiana kila mwigizaji alichomeka utani wa kwao. Hapo ndipo bwalo lilipochangamka kuliko kwenye hotuba zote za kuungana.

Kipande kimoja mwalimu alikiruka. Kinjeketile, akiwa amepagawa, anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anashtuka. Amewaahidi uhuru, kumbe neno lenyewe limembeba bwana mwingine.

Nilikuja kukiona kipande hicho jukwaani Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa. Kilipofika, ukumbi mzima uliguna, na mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, “Si ndiyo haya?” Hakuna aliyemnyamazisha.

Siku hizi tunagombana nyumbani juu ya mwisho. Kinjeketile kafungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, jemadari aliyeona watu wakifa, anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa, maana vizazi vijavyo vitaambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Sisi shuleni tulimpigia makofi. Binti yangu, aliyeisoma kidato cha nne, yuko na Kitunda: kiongozi hawezi kuwaficha watu ukweli kwa ajili ya wajukuu wasiozaliwa. Namkumbusha kuwa Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi: huyu si yule Kinjeketile wa historia. Ananijibu kwamba hilo halimpunguzii lawama. Bado niko na Kinjeketile, ila kwa shingo upande, na mwelekezi anayekiruka kipande cha Seyyid Said naona ameigiza tamthilia nyingine.