DABANI: MISA YA MWAKA MPYA KARIBU NA MPAKA

Mwezi huu tunawapeleka safari mpaka Dabani, mashariki ya Uganda. Tulifika kule sisi walimu watatu wa kujitolea kwa sikukuu ya Mwaka Mpya 2025, tukimsindikiza mwenzetu kwa dada yake aliyeolewa huko.

Dabani iko wilaya ya Busia, karibu na mji wa Busia wenyewe. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997, lakini kwa mambo ya Kanisa bado iko chini ya Jimbo Kuu la Tororo. Dabani inajulikana kwa hospitali ya Kanisa na kwa shule ya wasichana. Mji wa Busia umegawanywa na mpaka, nusu Uganda, nusu Kenya. Huko mpakani ndiko wanakosema bodaboda ilizaliwa, wakati watu wa baiskeli walipobeba abiria kutoka boda moja mpaka boda nyingine. Dagaa wale wale wanaitwa mukene upande wa Uganda na omena upande wa Kenya, na Kiswahili kinafanya kazi pande zote.

Tarehe 1 Januari ni sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu. Ni mojawapo ya sikukuu 10 zilizoamriwa ambazo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inazitaja, zaidi ya Dominika. Zimo pia Noeli, Kupaa Bwana, Kupalizwa Mbinguni na Watakatifu Wote. Baraza la maaskofu la kila nchi, kwa kibali cha Roma, linaweza kupunguza siku hizo au kuzihamishia Dominika. Kwa hiyo majirani wawili wa Busia, huyu wa Uganda na yule wa Kenya, wanaweza kuwa na orodha tofauti.

Dada mwenyeji wetu anauza nyanya mjini, na sikukuu ndiyo siku ya wateja. Akikosa asubuhi hiyo, nyanya zinaoza na ada ya shule inapungua. Tukamuuliza, "Sasa dada, utafanyaje?" Akacheka: "Mimi nasali leo jioni." Kweli, tarehe 31 Desemba alifunga meza mapema, akaoga, tukaenda naye Misa ya jioni. Sheria inaruhusu: Misa ya jioni ya kuamkia sikukuu inatimiza wajibu, mahali popote inapoadhimishwa Kikatoliki. Tunaombwa pia kupumzika kazi, lakini Katekisimu inakubali kwamba mahitaji ya familia ni sababu ya haki. Wifi yake alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa, na hakuna mtu alimnung'unikia. Kumtunza mgonjwa pia ni sababu nzito.

Misa ilikuwa kwa Kisamia. Sisi hatukijui, lakini tulijua wakati wa kupiga magoti na wakati wa kupeana amani. Mlangoni hakuna mtu alituuliza kadi wala tumetoka wapi. Mama mmoja alisogea tu kwenye benchi, tukakaa.

Tunayaandika haya kwa sababu hapa kambini tunasikia akina mama wakiuliza: sikukuu ikiangukia siku ya mgao, nami niko kwenye mstari tangu alfajiri, nimetenda dhambi? Mama, mwenye sababu nzito hafungwi na amri hiyo. Watoto lazima wale. Na pale padri asipofika, Kanisa linatushauri kushiriki ibada ya Neno na katekista, au kusali nyumbani, familia pamoja. Lakini tusidanganyane: mpira na usingizi si sababu nzito.

Basi tunashauri familia zetu hivi. Mwanzo wa mwezi, muulizeni katekista ni sikukuu gani zimeamriwa hapa kwetu. Kama siku yenyewe ina kazi, tafuteni Misa ya jioni ya kuamkia. Pangeni zamu, mmoja abaki na mgonjwa, wengine waende. Na mkiwa safarini, ingieni kanisa lolote Katoliki mtakalolikuta bila woga. Pale si wageni.

Mungu azibariki familia zenu. Tuonane toleo lijalo.