Nilikwenda Kazini na Homa

Mimi nilikuwa mkata mkonge. Siku moja niliamka na homa. Mke wangu akasema, "Baba Asha, leo pumzika." Nilikataa. Asiyekata halipwi, na watoto walitaka unga.

Nilikwenda. Mikono ilitetemeka. Kufika adhuhuri sikuwa nimemaliza hata nusu ya kazi yangu. Kisu kikateleza, kikanikata mguu.

Malaria ile ingenilaza siku tatu. Jeraha lilinilaza majuma matatu. Unga ulikwisha kabisa.

Je, wewe hujafanya hivyo? Ukiugua, nenda zahanati upimwe. Chukua cheti, mpelekee nyapara. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mimi nilichelewa kuijua.