Mawaridi 39 kwenye uwanja wa ndege wa Kraków

WAGENI wengi wanaofika Kraków, kusini mwa Poland, huamka mapema siku ya pili na kupanda basi kwenda Oświęcim. Dunia inaujua mji huo kwa jina la Kijerumani, Auschwitz. Kambi waliyoijenga Wanazi leo ni makumbusho. Zaidi ya watu milioni 1 waliuawa pale, wengi wao Wayahudi, na basi la kurudi huwa kimya.

Ipo njia nyingine inayotoka kambini kwenda mashariki, isiyo na basi la watalii. Vijana wawili waliipita kwa miguu mwaka 1944.

Jerzy Bielecki, Mkatoliki, aliletwa kambini Juni 1940 akiwa na miaka 19, katika kundi la kwanza la wafungwa wa Kipoland. Cyla Cybulska, Myahudi, aliletwa 1943 na familia yake, akabaki peke yake. Walijuana kwenye ghala la nafaka, binti akishona magunia. Walisemeshana kwa kuibia, maneno machache tu kwa siku. Yalitosha.

Julai 21, 1944, Jerzy alivaa sare ya askari wa Kijerumani iliyokusanywa kipande kipande kwa siri na mfungwa mwenzake. Akaenda kumchukua Cyla kana kwamba anampeleka kuhojiwa. Mlinzi akakitazama kibali cha kughushi, akawaruhusu wapite.

Walitembea usiku kumi, mchana wakijificha mashambani. Cyla alipoishiwa nguvu alimwomba mwenzake amwache aendelee peke yake. Akakataa.

Walifika kijiji cha Muniakowice, kwa ndugu wa Jerzy. Mama yake alifurahi kumwona mwanawe hai, ila kumwoa binti wa Kiyahudi hakutaka kusikia. (Mzazi msomaji, usikimbilie kumlaumu. Mabishano ya namna hiyo yapo hata sebuleni kwetu.) Wakaagana chini ya mti wa peasi. Cyla akafichwa kwa familia ya wakulima katika kijiji cha Gruszów, Jerzy akajiunga na wapiganaji wa msituni. Wakaahidiana kuonana vita vikiisha.

Wakati huohuo maelfu ya Wapoland wengine, wakimbizi wa vita hivyohivyo, walikuwa wakiishi Tengeru, Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo.

Mapema 1945 Jerzy alitembea kilomita 40 kwenye theluji hadi Gruszów. Alichelewa siku nne. Cyla alikuwa amesubiri, akaamini kuwa mpenzi wake amekufa, akaondoka. Jerzy naye baadaye aliambiwa kuwa Cyla amekufa. Binti alifika New York, akaolewa. Kijana alibaki Poland, akaoa, akapata watoto, akawa mkuu wa shule ya ufundi.

Mwili huenda ukapona mapema, lakini jambo la namna hii linahitaji kusemwa, na Cyla alilisema. Siku moja, akiwa tayari mjane, alimsimulia mwanamke wa Kipoland aliyekuwa akimfanyia usafi nyumbani. Yule mama akashangaa: hadithi hiyohiyo alikwisha kumsikia mwanamume mmoja akiisimulia kwenye televisheni ya Poland.

Simu ikapigwa. Juni 8, 1983, Jerzy alisimama kwenye uwanja wa ndege wa Kraków akiwa na mawaridi 39, moja kwa kila mwaka waliopotezana.

Mapenzi yalirudi. Miaka iliyofuata walionana tena mara nyingi, wakawatembelea hata wakulima waliomficha Cyla. Kisha Cyla akamwomba amwache mkewe, waende wote Marekani. Jerzy alimjibu kwamba ana watoto, hawezi kuwafanyia hivyo. Cyla alilia sana.

Alirudi New York, akamwandikia kwamba hatakuja tena. Jerzy aliendelea kumwandikia. Barua zake hazikujibiwa.