Ami Yangu, Kipenzi cha Bahari

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ami yangu, kitinda mimba wa nyanya, alikwenda tezi, akaenda omo, na mnamo Septemba 2023 akarejea ngamani akiwa na umri wa miaka 22 tu. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa nyanya hulia kila alisikiapo.

Kijijini kwetu, kando ya hori ya Mida, wengi walimwita mzembe. Ati mtu aliyemaliza kidato cha nne anashinda mikokoni kama kaa! Babu alitaka awe karani au hata askari. Mimi niliyekuwa naye kila Jumamosi nina neno langu.

Kwanza, msomaji mpenzi, kazi ya bahari si ya mzembe. Ami alijua kupwa na kujaa kwa maji bila ya kutazama saa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hutoka kabisa mwendo wa saa nne asubuhi. Wakati huo tulitafuta chambo matopeni, naye akiwatoa kaa mashimoni kwa kijiti chenye ndoana. Siku za maji mafu tulipanda mtumbwi na kutega mishipi. Dema zake alizisuka mwenyewe, na ndani alitia mwani, maana tasi hawezi kuupita mwani hivi hivi. Akinasa changu mchanga humrudisha majini akisema, "Huyu bado anasoma, mwache aende shule." Siku moja kasa alijisokota wavuni. Ami aliukata wavu wake mwenyewe, wavu wa deni, kasa akaenda zake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "We mtoto, wavu hushonwa."

Kusi ilipovuma kwa hasira na mitumbwi ikalala ufuoni, Ami hakukaa barazani kucheza karata. Alinipeleka msitu wa Arabuko-Sokoke, tukanyamaza kimya mpaka sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu akatokea, akichakura majani kwa pua yake ndefu. Kaskazi ikikaribia alinionyesha makundi ya ndege waliotoka Ulaya na Asia wakila matopeni mwa Mida. "Hawa nao ni wavuvi," alisema, "tena hawana leseni!"

Nyanya aliiogopa sana bahari. Kila jioni alisimama mlangoni mpaka amwone mwanawe. Lo! Kumbe hatari ilikuwa kwingine. Siku hiyo Ami alikuwa keshatoka majini salama salimini. Alifunga samaki kwenye baisikeli akashika njia ya Gede kuwauza. Katika barabara kuu ya Malindi, matatu iliyokuwa ikilipita gari jingine ilimgonga. Hakufika hospitalini. Bahari haikumdhuru hata siku moja. Lami ndiyo iliyommeza.

Matangani walikuja wavuvi ambao hatukuwajua, na akina mama wauza samaki ambao aliwakopesha bila kuwadai. Baada ya arubaini, baba aliniita faraghani. Aliniambia kwamba sare yangu ya Kidato cha Kwanza na pesa za chakula cha mchana shuleni zilitoka kwenye dema za yule yule mzembe. Sikuweza kujibu. Machozi yalinitoka njia mbili mbili. Sare hiyo ninaivaa hadi leo, ijapo imenifupikia.

Nyanya ameapa kwamba sitakanyaga mtumbwi maadamu yu hai, nami simlaumu. Dema zimo nyuma ya jiko, zinaliwa na mchwa. Lakini tulipochagua masomo mwaka huu, nilichukua biolojia na jiografia, na nyanya alipouliza ya nini, nilimwambia nataka kujifunza habari za samaki. Alininyamazia kitambo, kisha akasema, "Basi jifunzie kitabuni."

Wenzangu, kijana anayependa maji na msitu msimwite mpotevu kwa sababu hana ofisi. Mwulizeni kwanza anajua nini, na nani anakula kwa jasho lake.

Mola amlaze Ami yangu mahali pema peponi. Amina.