Urafiki wa Udongoni

Katika maumbile nimeona urafiki mwingi, lakini hapana unaonifikirisha kama ule wa mnyoo mdogo wa udongoni, Heterorhabditis, na bakteria wake. Mnyoo huwachukua tumboni, humwingia buu wa mdudu, kisha huwatapika katika damu yake. Bakteria huzaana na kutoa sumu. Baada ya siku 2 hivi buu hufa. Mzoga hauvundi, kwa kuwa bakteria huzuia vijidudu vingine. Mnyoo hula, huzaa. Bila mnyoo, bakteria hawana wa kuwachukua; bila bakteria, mnyoo hana chakula. Buu akiwa mla mazao, mkulima hufurahi. Nami nausifu umoja huu. Lakini, vijana, kila tusifupo umoja tuulize pia ni nani aliyeulipia.