Reli Moja, Treni za Aina Tatu

Mwenye nyumba ya jiko moja na wapishi watatu anajua kwamba kuongeza sufuria si kazi. Kazi ni kupata nafasi motoni. Hayo ndiyo tuliyoyaona tuliposafiri kwa treni iitwayo Downeaster, kutoka Boston hadi Portland, nchini Marekani. Tulikuwa wauguzi wanne, tukienda kumtazama mwenzetu aliyejifungua. Portland ni mji wa jimbo la Maine, ambako familia nyingi kutoka Kongo na Burundi zimehamia.

Safari ni ya kilomita 185 hivi, nayo huchukua muda wa saa mbili na nusu. Tulipoondoka Boston, reli ilikuwa na treni nyingi za watu waendao kazini asubuhi na kurudi jioni. Baada ya mji wa Haverhill tuliingia katika reli ya kampuni ya mizigo. Sehemu nyingi huko njia ni moja tu. Treni mbili zikikutana, moja huingia pembeni kwenye njia ya kupishania. Yetu iliposimama katikati ya miti, mmoja wetu aliuliza kama imeharibika. La, ilikuwa ikimpisha mwenzake.

Treni za abiria kati ya miji hiyo zilikoma mwaka 1965. Mwaka 1989 Bw. Wayne Davis na wenzake waliunda chama cha kudai zirudi. Zilirudi tarehe 15 Desemba 2001, baada ya miaka 12 ya kukusanya saini, kutafuta fedha na kupatana na wenye reli.

Mwaka 2012 safari zilifikishwa hadi Brunswick, mbele ya Portland. Lakini kwanza ni treni chache tu zilizofika huko. Hapakuwa na pa kulaza treni usiku wa baridi kali, wala nafasi ya kutosha ya kupishana njiani. Banda la kulazia treni lilifunguliwa mwaka 2016, ingawa baadhi ya majirani walilipinga wakihofia kelele na moshi. Kisha ikajengwa njia ya kupishania, na mwaka 2018 safari za Brunswick zikaongezwa.

Sisi wauguzi tuliwafikiria wagonjwa. Mzee asiyeweza kuendesha gari kwenye theluji, au mama mwenye mtoto wa kupelekwa kwa daktari bingwa Boston, anahitaji treni inayofika kwa saa iliyoandikwa. Treni ya mizigo nayo ina kazi yake, na mfanyakazi wa asubuhi ana mwajiri anayemngoja.

Basi, tukisikia kwamba treni za abiria zitaongezwa mahali popote, tusiulize idadi ya mabehewa tu. Tuulize pia: zitapishana wapi, zitalala wapi, na nani atampisha nani?