Jambia la Nizwa, sime ya Umasaini

Chini ya ngome ya Nizwa, Oman, masonara wameyapanga majambia nyuma ya vioo. Muuzaji mmoja mzee, ambaye Kiswahili chake cha Unguja hakijapungua hata chembe, alinitolea moja. "Lipime mkononi kwanza, mwanangu."

Uzito wake wote uko kwenye ala. Nyuzi za fedha zimesukwa juu ya ngozi, na pete saba zinaonyesha kwamba hili ni jambia la Saidi, la mtindo wa ukoo wa masultani. Zamani fedha hiyo ilipatikana kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, na mipini iliyotamaniwa kuliko yote ilikuwa ya pembe ya kifaru. Vifaru wetu wa Afrika Mashariki waliuawa kwa ajili hiyo pia. Siku hizi wengi hutumia msandali, na ni heri.

Nikalichomoa. Ubapa ni mfupi, umepinda, na haujanolewa sana. Jambia huvaliwa katikati ya kiuno, harusini na siku za Idi, na limechorwa hata kwenye bendera ya nchi. Kazi ya kukata ameachiwa mwingine: nyuma ya ala kumechomekwa kijisu cha kawaida kabisa, ambacho anayekutazama usoni hakioni.

Nilipofika Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, nilikuta mambo yamegeuka. Ala ya sime ni ngozi iliyopakwa rangi nyekundu, basi. Gharama yote imekwenda kwenye chuma, ambacho mara nyingi ni springi ya gari bovu iliyofuliwa upya. Ubapa ni mwembamba karibu na mpini, kisha unapanuka kuelekea mbele kabla ya kuchongoka, hivyo uzito unakaa mbele na pigo dogo tu linaangusha tawi. Morani mmoja alikata miiba ya kuzibia boma, akaifuta sime kwa majani, kisha akagawa nayo mbavu za mbuzi. Kwangu mimi, hicho ndicho kisu.

Lakini ufundi wa jambia la Oman uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia wa utamaduni usioshikika mwaka 2022, na sonara wa Nizwa anaheshimiwa mjini kwake. Wahunzi wa Kimasai, ilkunono, walitengwa. Iliaminika kwamba anayefua chuma cha kumwaga damu ana najisi, kwa hiyo waliozana wenyewe kwa wenyewe, na shujaa alipaka mafuta mikononi kabla ya kupokea silaha kutoka kwao. Silaha hiyohiyo ndiyo iliyompa sifa! Hiyo ni dhuluma, na kuitwa mila hakuifanyi kuwa haki.

Ukinunua sime mnadani, muulize muuzaji ni nani aliyeifua. Kama mhunzi yuko karibu, nenda ukamlipe yeye mwenyewe, tena umpe mkono.